Ombi la Marehemu Kuhamishwa Kutoka Insha Kwenda Hadithi

Kwa Mhariri Mkuu,
Shirika dogo la uchapishaji, ghorofani, juu ya duka la miwani.

Ndugu Mhariri,

Kuhusu: Kufa kwangu bila kushirikishwa

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi pia ni mzima, na hapo ndipo matatizo yetu yanapoanzia.

Mimi ni fundi mapazia. Nimeshona mapazia ya nusu ya mji huu, na ile nusu nyingine inajuta. Nina watoto wawili. Wa kwanza ni fundi simu, mtu mtaratibu asiyeandika chochote, Mungu amzidishie. Wa pili, kitinda mimba wangu, anauza dawa kwenye duka la dawa karibu na kituo cha mabasi. Tangu alipojua kusema tulimwita Chiriku, kwa sababu alikuwa hafungi mdomo hata akila. Huyo ndiye aliyewaletea insha iitwayo "Mapazia ya Mama". Mliipokea kwa mikono miwili, mkatoa kipande chake kwenye kijarida chenu ili watu waonje kitabu kinachokuja. Katika insha hiyo mama anakufa. Mama huyo ni mimi.

Kabla sijaanza kulalamika napenda kuwapongeza. Nimelisoma tangazo lenu. Mnasema mnapokea hadithi na insha kutoka kwa kila mtu: wazee, vijana, wenye ulemavu, wasio na shahada, wanaoandika kwa mara ya kwanza, waliokataliwa kwingine, na kwamba sauti zisizosikika ndizo hasa mnazozitafuta. Ni maneno mazuri. Hata kazi yangu ni hivyo hivyo. Silikatai dirisha, hata lililojengwa na fundi mlevi. Kwa hiyo nawaandikia bila uadui wowote, nikiwa mtu mliyemuua kwa nia njema. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikuarifiwa. Habari za msiba wangu nilizipata kwa mteja. Dada mmoja anayepokea wagonjwa kwa daktari wa meno alikuja nyumbani asubuhi, uso umemwanguka. Nilimfungulia mlango mwenyewe. Akanitazama, akashika mlango kwa mikono yote miwili, akaniuliza, "Wewe ni dada wa marehemu?" Nikamuuliza marehemu gani. Akasema, "Fundi. Jamani mnavyofanana, mpaka sauti." Akanipa pole, akalia kidogo, kisha akauliza kwa heshima zote kama kitambaa chake cha sebuleni kimeshakatwa, au familia inaweza kumrudishia kabla watoto hawajagawana vitu. Ndugu Mhariri, kitambaa kilikuwa pale pale nyuma yangu, chini ya sindano ya cherehani, kimeshapindwa upande mmoja. Nilimwambia arudi Jumamosi. Mpaka leo sijui kama anaamini alizungumza na mimi au na dada yangu. Sina dada.

2. Maneno yangu ya mwisho si yangu. Insha inasema nilikufa Alhamisi, mvua ikinyesha, nikiwa nimelala hospitali, mkono wangu umo mkononi mwa mwanangu, na kwamba nilimwambia, "Mwanangu, fungua dirisha niione mvua." Kwanza, Alhamisi huwa napima madirisha ya watu, sina nafasi. Pili, maisha yangu yote nimekuwa nikiwashauri watu wayafunike madirisha yao. Kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto hawa, mpaka mmoja wao akajua kuandika insha. Leo nife nikisifia dirisha tupu? Wateja watanielewaje? Kama ni lazima niseme neno la mwisho, ningesema jambo la maana. Mkasi wangu mkubwa uliazimwa na mtu ambaye amejisahaulisha, na ningependa kumtaja kitandani hapo, mbele ya mashahidi, akose pa kukimbilia.

3. "Mama yangu hakuwahi kulalamika." Sentensi hii imewekwa peke yake katikati ya ukurasa, na kuzunguka kwake pameachwa peupe. Hapa sitii neno. Nakuomba tu utambue kwamba uko kwenye lalamiko la tatu na bado nina mengine. Fundi simu wangu, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, alipofika hapo alicheka mpaka akaiangusha simu ya mteja aliyokuwa ameifungua, na vidude vyake vikaingia chini ya kabati. Mteja huyo pia anawadai maelezo.

4. Mmeniharibia jirani. Mama Saluni na mimi tunatumia ukuta mmoja. Yeye ana mashine zake za kukaushia nywele upande wake, mimi nina cherehani zangu upande wangu, na kwa miaka mingi amekuwa akiwaambia wateja wake kwamba mapazia yangu yanapanda upande mmoja. Sasa, nyinyi mna tabia ya kuacha vijarida vyenu kwenye saluni. Akasoma. Nikamsikia kupitia ukutani akiwaambia wanawake walioketi pale kwamba mji huu hautapata tena fundi kama mimi, kwamba mkono wangu ulikuwa umenyooka, kwamba hata yeye mapazia yake ya chumbani nilimshonea mimi na hayajawahi kupauka. Sikuwahi kujua kuwa hayajapauka. Nilizima cherehani nisikie vizuri. Nilikaa ndani siku nzima, sikwenda kununua uzi, sikukohoa. Kesho yake uzi uliniishia kabisa, nikalazimika kutoka, tukakutana mlangoni. Alipiga ukelele, akajishika kifua, na pumzi zilipomrudia akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Basi yote niliyosema nimeyafuta." Na kweli ameyafuta. Jana amerudia habari za kupanda upande mmoja, tena kwa sauti kubwa kuliko zamani.

5. Simu yangu. Niliwapigia. Msichana anayepokea simu hapo kwenu ana adabu sana, na popote wazazi wake walipo nawapa hongera. Nikamwambia mimi ndiye mama wa kwenye insha. Akasema, "Pole sana kwa msiba, mama." Nikamweleza kuwa msiba wenyewe ni mimi. Hapo akanifafanulia utaratibu wenu bila haraka. Kwamba mwandishi akileta kazi huchagua mwenyewe: ni hadithi au ni insha. Kwenye hadithi anaruhusiwa kubuni. Kwenye insha lazima iwe kweli tupu. Na shirika halimdai mtu ushahidi wa maisha yake, kwa sababu wako wengi waliowahi kuumia wakasema na hawakuaminiwa.

Nilikubaliana naye moja kwa moja. Ni utaratibu wa kiungwana. Lakini nikamuuliza: kumbukumbu ya mtu inapokuwa imeketi kwenye kiti, inakunywa chai na kuongea kwa simu, yenyewe haina haki ya kuaminiwa? Akasema hilo ni swali zuri. Akasema nami nakaribishwa kuandika yangu, mnapokea kazi mpaka mwisho wa mwezi, na watu wa umri wangu wanapewa kipaumbele. Mnaona sasa? Kila mtu kwenu anaruhusiwa kuandika. Aliyeandikwa ndiye hana kiti.

6. Ubaguzi. Samahani kwa kutumia neno zito, najua linawaudhi watu wa aina yenu kuliko matusi. Lakini nimelirudia tangazo lenu neno kwa neno, na katika orodha yote ile ya mnaowakaribisha, marehemu hawamo. Mnatafuta sauti zisizosikika! Niambieni, ni sauti gani isiyosikika kuliko ya marehemu? Maadamu mmeamua kuwa mimi ni mmoja wao, basi nina wajibu wa kuwasemea wenzangu. Tunataka aya yetu kwenye tangazo. Tunataka tarehe ya mwisho isogezwe mbele, kwa kuwa barua hutufikia kwa kuchelewa. Tunataka maelezo mafupi ya mwandishi yaruhusiwe kuandikwa kwa wakati uliopita. Na kwenye jopo lenu la wasomaji tunataka angalau mjumbe mmoja aliyefariki. Mimi niko tayari kujitolea, siku yoyote isipokuwa Alhamisi.

7. Hili la saba sikutaka kuliandika, lakini nimeshaweka namba.

Chiriku alipopanga nyumba yake ya kwanza, nilimshonea mapazia. Hakuniomba. Mama hasubiri kuombwa. Nilichagua kitambaa kizito cha kahawia iliyokolea, nikakitia bitana, kwa sababu dirisha la sebule yake linatazama barabara na kila apitaye anaona hadi alichopika. Kaka yake alikuwa na ufunguo wa akiba. Tukaingia Chiriku akiwa kazini, tukatoboa kuta, tukatundika vyumba vyote, nikafagia vumbi, tukaondoka. Nilijua atafurahi. Nilikaa karibu na simu nikiisubiri furaha yake.

Akapiga. Akasema, "Mama, hapa ni kwangu." Nikamjibu. Nilichomjibu sikiandiki, karatasi hii ni nzuri. Kesho yake fundi simu akaniambia, huku akiangalia pembeni, kuwa dada yake ameyashusha yote na kuyasukumia uvunguni mwa kitanda. Tangu siku hiyo mvua zimekuja, zikapita, zikaja tena, na Chiriku hajanisemesha. Wala mimi sijamsemesha, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na ni yeye anayepaswa kuanza. Habari zake nazipata kwa kaka yake, ambaye ukimuuliza dada yako hajambo anasema hajambo, na habari imeisha.

Sasa nyinyi mmetoa insha. Humo ndani, mimi nikishakufa, Chiriku anayatoa mapazia uvunguni na kuyatundika tena. Halafu anakaa chini kwenye kile kigiza na kunisimulia. Ananisimulia kila kitu, Ndugu Mhariri. Habari za yule babu anayekuja kununua dawa ya kikohozi wakati hakohoi, anatafuta tu mtu wa kuzungumza naye. Habari za kunyimwa usimamizi wa duka na kupewa mtu ambaye yeye Chiriku ndiye aliyemfundisha kazi, na jinsi alivyojifungia stoo akalia kati ya maboksi. Habari za kijana mmoja anayemtaka, mpole, ila akila anasikika chumba cha pili. Ananiuliza, mama, wewe ungempenda? Ukurasa baada ya ukurasa. Ananiomba radhi kwa maneno ambayo sikujua anayo. Habari zote hizo ambazo nimekuwa nikizitafuta kwa kaka yake kwa kukamua nimezipata kwa kufa tu.

Nilikwenda kuhakikisha. Nilijiambia naenda kukagua ukweli wa insha kwa niaba yenu, kwa kuwa nyinyi hamkagui. Nilipita barabara ya mbele ya nyumba yake na kutazama juu. Mapazia yapo. Yametundikwa kinyume, bitana imetazama ndani, kosa ambalo mtoto wa fundi hakupaswa kulifanya hata akiwa amelala. Lakini yapo, na yamevutwa vizuri mpaka katikati. Nilisimama pale muda mrefu, mpaka muuza magazeti akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nilifurahi, na nilikasirika, vyote pamoja, hapo hapo barabarani. Sikugonga. Marehemu anabishaje hodi kwa mtu? Na angefungua, ningemwambia nini? Nilirudi nyumbani nikasoma tena ukurasa wa yule babu wa kikohozi.

Kwa hiyo hili ndilo lalamiko lenyewe, yale mengine sita yalikuwa ya kunisaidia kufika hapa. Mwanangu anazungumza na mama yake kwa upendo mkubwa kabisa, na mnaosikia ni nyinyi. Mimi nasubiri kijarida.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba shirika lako lifanye moja kati ya mambo yafuatayo.

Kwanza, na hili ndilo rahisi, nihamishwe kutoka kwenye insha nipelekwe kwenye hadithi. Najua ni kurasa chache tu mbele katika kitabu hicho hicho, sitakuwa mzigo. Kule kwenye hadithi watu hufa kila leo na hakuna anayekuja kuulizia kitambaa chake.

Kama hilo haliwezekani, basi mfungue sehemu ya marehemu kama nilivyoeleza, nami nipewe nafasi ya kujibu, kurasa sawasawa na alizopewa mwanangu. Nina majibu ya kila kitu alichoniuliza, akiwemo huyo kijana.

Na kama hata hilo haliwezekani, kwa sababu kanuni ni kanuni na insha lazima iwe kweli tupu, basi naona shirika lina wajibu wa kuhakikisha inakuwa kweli. Nitumieni tarehe. Isiwe Alhamisi, na isiwe kabla sijamaliza mapazia ya ukumbi wa shule, maana wananitegemea na kitambaa chao ni kigumu, fundi mwingine atakiharibu. Nijulisheni kitabu kinakwenda kiwandani lini nami nitajitahidi niwahi. Sipendi kuwa mtu wa kuchelewesha kazi za wengine.

Nisalimie msichana wa simu, mchoraji wa majalada, anayepanga kurasa, na mwenye duka la miwani hapo chini, mwambie mapazia yake yako tayari na aje ayachukue bila woga. Wasalimie pia waandishi wenu wote, wa hadithi na wa insha, walioandika mara ya kwanza na waliozoea, na zaidi wale ambao mama zao wangali hai, hata kama wao wamesahau kidogo.

Ni mimi, mzima wa afya hadi mtakaponijulisha vinginevyo,

Fundi Mapazia

Nyongeza: Barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha nilipobishiwa hodi. Nikajua ni mteja mwingine aliyeleta rambirambi, nikafungua mlango nimeshakunja uso. Alikuwa Chiriku, amevaa koti lake jeupe la kazini, anaangalia viatu vyake. Sikumsaidia. Akasema mmemwandikia, mnataka picha ya kuweka pembeni mwa insha, na yeye hana hata moja kwa kuwa picha zote za nyumbani ziko kabatini kwangu. Nikamuuliza, picha ya nani? Akasema, "Ya marehemu."

Nilikuwa na malalamiko saba tayari, yamepangwa kwa namba. Sikulikumbuka hata moja. Nilimwambia za zamani zote nimetoka vibaya, bora apige mpya. Nikavaa gauni langu la bluu, nikakaa. Za mwanzo hazikufaa kwa sababu machozi yalimfanya anikate kichwa. Akasema, "Mama, nilijaribu kukuandikia barua, kila nikianza nakwama kwenye 'Mpendwa mama'. Siku nilipokufisha ndiyo maneno yakaja yote." Nikamwambia apanguse macho, ataharibu na hizi nyingine. Basi akapangusa, akaanza kuongea, na hajanyamaza mpaka sasa. Ninavyoandika hapa yuko jikoni anaisimulia sufuria, nami namuitikia kwa sauti huku nikiwaandikia nyinyi.

Kwa hiyo yote yaliyo hapo juu yafuteni. Msinihamishe popote. Niacheni palepale kwenye insha, nimekufa vizuri tu, na dirisha mlifungue. Picha nimeiambatanisha. Marehemu anacheka kwa sababu mpiga picha alimwomba anyamaze kidogo ilhali mwenyewe hanyamazi. Wasomaji wenu wakiuliza ilipigwa lini, waambieni kweli tupu kama kanuni yenu inavyotaka: ni ya leo mchana.